Mashine Hazitoki Nyumba Hii

"Kadi ya mtandao imekufa, shemeji," Swabir alisema. Akajipangusa mikono kwa leso yake, polepole, mfano wa mtu aliyetoka mavani. "Yaani haijafa kabisa, lakini yakata roho. Ndiyo maana faili linachukua muda wote huo kutoka mashine hii kwenda ile. Hapana dawa."

Twaiba alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mbele, ushungi umemfunika mpaka mabegani. Alikuwa ametoka edani juzijuzi tu, na jua la Msambweni lilikuwa bado likimuumiza macho.

"Ikifa, hununuliwa nyingine," akasema.

"Kadi za namna hii hazipatikani tena. Wallahi, Mombasa nzima nimeuliza. Sikiliza, shemeji. Nizichukue mashine zote mbili nizipeleke Ukunda, nizifanyie kazi katika duka ninalolifungua. Utapata chako bila kuumiza kichwa. Mashine ni mambo ya kiume haya. Jumamosi nitakuja na pikapu, na mama atakuwepo, ili lisionekane jambo la kuibiana."

"Njoo," Twaiba akamwambia.

Swabir akatabasamu, akaaga, akaenda zake akiamini kwamba neno hilo lilikuwa ndiyo.

Mbithe, msaidizi wake, aliyekuwa amekaa mbele ya kompyuta tangu Swabir alipoingia, aligeuza kiti. "Mama Rai, kweli utampatia?"

"Nimemwambia aje. Sikumwambia achukue."

Mashine hizo zilikuwa na historia yake. Chande, mume wa Twaiba, alikuwa karani wa hesabu katika hoteli moja ya Diani, na Twaiba alikuwa akikaa kwenye ubao wa simu wa hoteli hiyo hiyo, akiunganisha simu za wageni. Yalipotokea machafuko ya mwaka wa tisini na saba, wageni walikimbia, hoteli ikafunga milango, na wafanyakazi wakaambiwa kila mmoja achukue chombo badala ya kiinua mgongo. Kuna waliobeba majokofu, kuna waliobeba vitanda. Chande alibeba kompyuta. Twaiba naye, mbele ya meneja aliyemtazama kama mtu aliyerukwa na akili, akasema naye ataka kompyuta, na printa juu yake, au hatoki. Akapewa.

Walizipeleka nyumbani Msambweni, wakaziunganisha kwa waya mmoja uliopita juu ya kizingiti kutoka chumba cha ndani hadi cha mbele. Ndani kulikuwa na skana na mashine ya Twaiba, mbele kulikuwa na printa na mashine ya Chande. Wakawa wapiga chapa wa kijiji: maombi ya kazi, kadi za harusi, ratiba za maulidi, mihutasari ya vyama vya wakulima wa nazi. Walipozidiwa na kazi wakamchukua Mbithe, Mkamba wa kule kwenye mashamba ya makazi ya Shimba Hills. Katika siku za machafuko vikaratasi vilibandikwa kwenye mlango wa kwao, kwamba watu wa bara waondoke. Jirani zake wengi waliondoka. Mbithe alivibandua, akaviwashia moto wa chai, akabaki. Wako waliomwonya Twaiba kwamba kumweka mtu wa bara nyumbani kutamletea maneno. Twaiba aliwaambia maneno hayapigi chapa.

Kisha Chande akaugua ghafla, akafa. Twaiba akakaa eda chumba cha nyuma na wanawe, Rai, mvulana aliyekuwa hajaanza kutembea, na dada yake Mbodze. Ndipo Swabir, mdogo wake marehemu, alipokuja kusaidia. Alisema mashine zimejaa uchafu wa mafaili ya zamani, akaizamia ile ya Chande siku nzima, akaifuta, akaipakia programu upya. Ilikuwa nia njema, au ndivyo ilivyoonekana. Lakini tangu siku ile waya ukawa kama umezibwa.

Na ubaya ulikuja wakati mbaya. Mwalimu Tsuma, mkuu wa shule ya msingi jirani, alikuwa amewapa kazi ya kupiga chapa mtihani wa majaribio wa darasa la nane kwa shule zote za eneo lile. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata, na karatasi ya sayansi ilijaa picha: moyo wa binadamu, jani lililopasuliwa, mzunguko wa umeme wenye betri na balbu. Twaiba aliziingiza picha hizo kwa skana kule ndani. Kutoka hapo zilitakiwa zifike kwenye printa, na printa ilikubali mashine ya Chande peke yake, maana tundu la printa la mashine ya Twaiba liliungua radi ilipopiga. Kwenye disketi hazikuenea. Njia ilikuwa waya, na waya ulipitisha ukurasa mmoja kwa muda wa kupika wali na kuuivisha.

Siku ile, Swabir alipotoweka kwenye kona ya msikiti, Twaiba alivua ushungi akajifunga leso kiunoni.

"Mbithe, funga mlango. Hotelini, mgeni akisema simu haisikiki, hatukumjibu kwamba simu imekufa. Tulibadilisha kitu kimoja, tukasikiliza. Tukabadilisha kingine, tukasikiliza tena. Huyu bwana hakubadilisha kitu. Ameitazama tu akaisomea talakini kama maiti kaburini."

Walianza na barua fupi. Twaiba aliituma kutoka ndani, na Mbithe akapiga kelele kutoka mbele, "Imefika!" kabla Twaiba hajamaliza kuondoa mkono kwenye kipanya. Wakatuma ukurasa wenye picha ya moyo. Mstari wa bluu kwenye kioo ukasogea kidogo, ukasimama, ukasogea kama kobe aliyejutia safari.

"Kidogo chapita, kikubwa chakwama," Twaiba alisema. "Kitu kilichokufa hakichagui, Mbithe. Maiti hamwitikii mtoto akamnyamazia mtu mzima."

Akachukua bisibisi ya Chande. Alikuwa hajawahi kuifungua mashine ile. Chande ndiye aliyekuwa akifungua, naye Twaiba akimshikia taa. Alikumbuka kwamba mumewe, kabla ya kugusa chochote ndani, aligusa kwanza chuma cha sanduku, kuutoa umeme wa mwilini. Naye akagusa. Akavuta skurubu, akatoa kifuniko, akaona vumbi la mwaka mzima na kadi ndogo ya kijani iliyosimama wima kwenye tundu lake, waya umeingia mgongoni mwake.

"Ukiharibu?" Mbithe aliuliza.

"Nikiharibu, nitakuwa nimeharibu changu. Sasa tuifungue ile nyingine."

Kadi zile mbili zilikuwa dada wa tumbo moja, zote za hoteli, za aina moja. Akazibadilisha: ya mbele akaipeleka ndani, ya ndani akaileta mbele. Kama kweli moja ilikuwa yakata roho, basi ugonjwa ungehama nayo, njia moja ikapitisha na nyingine ikakwama. Wakawasha. Wakajaribu barua, ikapita. Wakajaribu moyo, ukakwama. Wakajaribu kwa upande wa pili, wakatuma picha kutoka mbele kwenda ndani, nayo ikajikokota vilevile. Hapakuwa na kilichohama.

"Basi kadi ni nzima," Mbithe akasema. "Zote mbili."

"Ni nzima," Twaiba akaitikia, na hasira ikampanda, si hasira ya kulia bali ile inayomfanya mtu asimame wima. Miezi yote ya eda alikuwa ameketi akisikiliza watu wakipanga maisha yake upande wa pili wa pazia. Nani atamwangalia. Nani atachukua nini. Arudi kwao au asirudi. Sasa alikuwa na bisibisi mkononi na jambo moja analolijua kwa hakika, na aliliona linatosha kuanzia.

Kesho yake wakaushuku waya. Chande alikuwa ameacha mwingine aliousuka mwenyewe, ndani ya katoni chini ya kitanda. Wakautandaza sakafuni, wakauchomeka. Ukurasa ukakwama kama jana. Wakahamisha kadi kwenye matundu mengine. Hapo mashine ya Twaiba ikakataa kuitambua kadi yake kabisa, na kwa adhuhuri nzima hata barua fupi haikupita. Mbithe alikaa chini akashika tama.

"Mama Rai, hebu tuite tu fundi wa Mombasa."

"Aje aniambie imekufa mara ya pili?" Twaiba aliirudisha kadi kwenye tundu lake la zamani, akazima, akawasha. Barua ikapita. "Tumerudi tulipokuwa. Hatujapoteza kitu."

Twaiba aliponyoosha mgongo, Mbithe alikuwa bado amelala kifudifudi nyuma ya meza ya mbele, akipanga waya, huku ukurasa wa moyo waliokuwa wameutuma tena ukijikokota. "Taa hii ni ya nini?" akauliza. "Hii ya njano. Haiwaki kabisa, ni ya kijani tu inapepesa."

Twaiba akakimbilia chumba cha ndani, akapiga magoti, akachungulia mgongo wa mashine yake. Huko taa ya njano ilikuwa ikiwakawaka kama kichaa.

"Yangu hapa haina raha!" akaita.

"Yangu imelala!"

Kadi za aina moja, waya mmoja, ukurasa mmoja. Upande mmoja wagombana na upande mwingine hauna habari. Twaiba alikaa sakafuni akiliwaza hilo. Kama chuma ni kilekile na waya ni uleule, basi tofauti iko kwenye mashine zilivyoambiwa. Akamwambia Mbithe afungue dirisha la mipango ya kadi, naye akafungua la kwake, wakaanza kusomeana kwa sauti kupitia mlango, mstari baada ya mstari, mmoja akisoma na mwingine akiitikia "sawa". Wakaenda hivyo, sawa, sawa, mpaka Twaiba akasoma, "Namna ya kuwasiliana: ijichagulie."

Huko mbele Mbithe akausoma mstari wake mara mbili.

"Mbithe?"

"Yangu haisemi hivyo. Yangu imeandikwa kamili. Imelazimishwa."

Mbithe, aliyefundishwa Kiingereza na watawa, akafungua ukurasa wa msaada, akausoma polepole huku akifasiri. Kadi iliyoamriwa kamili husema na kusikiliza kwa pamoja, haingoji mtu. Kadi iliyoachwa ijichagulie, ikikuta mwenzake hataki kushauriana, huchagua njia ya adabu: husema kwa zamu, na haisemi mpaka isikie kimya.

"Sasa huku moja inangoja zamu," Mbithe alisema, "na ile ingine haijui kuna zamu. Zinaongea pamoja, maneno yanagongana, yanatupwa, zinaanza tena."

Twaiba akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Aliijua hali hiyo. Hotelini alikuwa akizungumza kwa redio na mashua zilizopeleka wageni Wasini kutoka Shimoni, na palikuwa na nahodha mmoja aliyekuwa hajui kungoja. Kila Twaiba alipobonyeza kusema, naye alibonyeza. Neno fupi lilipenya. Habari ndefu ilikuwa mikwaruzo mitupu, wakairudia mpaka sauti ikakauka.

"Ya kwako pia iachie ijichagulie," akasema. "Kisha zima, washa."

Mbithe akafanya hivyo. Twaiba akauchukua ukurasa wa moyo, akautuma. Akaandaa roho yake kungoja.

"Imefika," Mbithe alisema.

"Ngoja uishe."

"Mama Rai, umeisha. Iko hapa. Moyo mzima, na mishipa yake."

Wakatuma jani. Likapita. Wakatuma karatasi yote ya sayansi kwa mkupuo, nayo ikapita Mbithe akiwa bado anavuta kiti. Kisha wakakumbatiana katikati ya mlango, chini ya waya, Mwislamu wa Msambweni na Mkristo wa Shimba Hills, wote wawili wamejaa vumbi hadi nyusi.

Jumamosi asubuhi pikapu ilikuja. Swabir alishuka na kamba na mablanketi mawili ya kufungia mashine. Kutoka kiti cha mbele akashuka Bi Mwanaima, mama yake na marehemu Chande, mwanamke mkavu wa maneno aliyemzika mwanawe bila kupiga ukemi.

"Shikamoo, mama," Twaiba alimlaki.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Rai na Mbodze hawajambo?"

"Hatujambo, alhamdulillahi. Karibu ndani."

Ndani printa ilikuwa ikitema kurasa. Mbithe alikuwa akizipanga, na Mwalimu Tsuma, aliyekuja kuchukua kazi yake, alikuwa ameketi kando akikagua karatasi ya sayansi. Swabir alisimama katikati ya chumba na kamba yake.

"Shemeji, hujazifunga bado?"

"Sizifungi."

"Vipi tena? Tulikubaliana."

"Wewe ulikubaliana na nafsi yako, shemeji. Mashine hazitoki nyumba hii."

Swabir akamgeukia mamake. "Umeona, mama? Mali ya kaka yangu, yakaliwa namna hii!"

Twaiba hakupandisha sauti. "Mashine iliyo chumba cha ndani na hii printa ni zangu, jasho la ubao wa simu, na kila aliyefanya kazi hoteli ile anajua. Iliyo hapa ni ya Chande, Mungu amrehemu, nayo ina wenyewe kwa sheria. Jumatatu nakwenda Kwale kwa kadhi, mimi mwenyewe, sitangoja kuitwa. Atakalolisema kwamba si langu, nitalitoa kwa mikono yangu. Lakini halitoki kwa kamba na blanketi."

"Kadhi wa nini, na mashine zenyewe mbovu? Si nilikwambia kadi imekufa?"

"Mama, njoo uone."

Bi Mwanaima akasogea. Twaiba akaingia ndani, akatuma karatasi ya hesabu yote, michoro na pembetatu zake. Alipotoka, ilikuwa tayari imejaa kwenye kioo cha mbele. Swabir aliinama, akatazama, akachungulia nyuma ya meza.

"Umenunua kadi mpya?"

"Kadi ni zilezile. Hii uliilazimisha iwe kamili, na ile ilikuwa yangoja zamu. Zilikuwa zikisemeana kinywani."

Swabir akaganda. Uso wake ukafanya wekundu, na Twaiba, aliyekuwa amekesha na dhana kwamba mtu huyu alifanya makusudi, akamwangalia kwa makini akaona kwamba sivyo.

"Nilipoipakia upya," Swabir alisema kwa sauti ya chini, "ikaniuliza. Nikaona kamili ni bora. Nani apewe kamili achague nusu?"

Mwalimu Tsuma akaguna kama anayezuia kicheko. Twaiba hakucheka.

"Nakusadiki," akasema. "Na kukosea hakuna asiyekosea. Lakini ulisema kimekufa kitu ambacho hukukipima, shemeji. Ukanitaka nikizike siku ileile, na mrithi uwe wewe. Hilo ndilo nisilolikubali. Sikubali leo, na ukirudi na wazee kumi kesho, sitakubali."

Wote wakamtazama Bi Mwanaima. Mama yule alivuta kiti cha Mbithe akakaa, akachukua ukurasa mmoja wa moto uliotoka printani, akaushika mbali na macho kama wafanyavyo wazee.

"Mimi sikusoma," akasema. "Lakini najua kwamba mama wa marehemu ana fungu lake. Langu mimi halipandi gari. Swabir, hayo mablanketi ni yangu. Yarudishe nyumbani, yasishike vumbi. Mimi nitakula hapa mchana."

Swabir aliikusanya kamba yake. Akatoka na mablanketi begani, na pikapu ikaondoka bila mashine kwenye barabara ya Ukunda.

Jumatatu Twaiba alipanda gari pale barabarani, akashukia Kombani, akapanda jingine la kilimani hadi Kwale. Bi Mwanaima alikuwa pembeni yake. Hakuna aliyemwomba aje. Kesi haikwisha siku ile wala mwezi ule. Swabir alileta shahidi wa kusema mashine zote mbili zilikuwa za Chande, na Twaiba akamleta meneja wa zamani wa hoteli, yuleyule aliyemwona ni mwendawazimu, aliyekuwa sasa anauza vifaa vya uvuvi Shimoni. Watu wa Msambweni walisema mengi. Walisema mjane gani huyu anayepanda milima kwenda kushtakiana na ukoo wa mumewe, kabla nguo za msiba hazijakauka kambani. Wengine waliacha kuleta kazi zao. Twaiba aliendelea kufungua mlango wa chumba cha mbele kila asubuhi, na kwenye dirisha akabandika tangazo kubwa la herufi nyeusi: TUNAPIGA CHAPA, TUNATENGENEZA KOMPYUTA. Sehemu ya pili aliiongeza mwenyewe. Mbithe alipouliza kama si kujitapa, Twaiba alimwambia wakishajitapa watalazimika kujifunza.

Mwishowe kadhi alitoa hukumu. Mashine ya ndani na printa ni za Twaiba, si katika mirathi. Ya mbele igawanywe kwa thamani yake: mke na fungu lake, mama na lake, na iliyobaki ya watoto. Ndugu wa marehemu hana fungu, maana marehemu ameacha mtoto wa kiume. Bi Mwanaima akasimama, akasema mbele ya baraza lile kwamba fungu lake amewapa wajukuu.

Karani wa mahakama, kijana aliyevaa kofia nyeupe, akaegemea taipureta yake.

"Na hawa watoto ni wadogo," akasema. "Nani atakayeisimamia hiyo mashine? Kuna mwanamume wa kuandika hapa?"

"Andika Twaiba binti Hamadi," Twaiba akasema. Na karani alipositasita, vidole vikielea juu ya herufi, akamwendelea karibu na kumtajia jina lake tena, silabi kwa silabi, mpaka aliposikia taipureta inagonga.